Bomba Lililozidi Joto

"Kaka, achia. Hilo blanketi la kufunikia bomba nimelishika mimi."

"Umelishika kwa macho, dada. Mimi kwa mkono."

Duka la vifaa lilikuwa limefurika watu, na blanketi limebaki moja. Mwanamke alivaa gauni la njano lililombana pale panapostahili. Mwanamume ovaroli lenye matundu, na mabega ambayo matundu hayakuyapunguzia kitu. Kuulizana, kumbe wote wametumwa na maabara moja: dada ni mtaalamu mpya wa hesabu, kaka ni fundi mitambo. Wakalibeba pamoja, kila mmoja na ncha yake, ingawa halikuwa zito hata kidogo.

Kazi yao ilikuwa kugeuza mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia yawe dizeli. Kila mtaalamu ana bomba lake; fundi hulijaza punje za kichocheo, zile zinazoyageuza mafuta, mvuke wa mafuta hupita humo, joto hupanda. Mtaalamu huliunda bomba hilohilo ndani ya kompyuta, akabashiri joto mapema. Simu zikawa haziishi.

"Mpenzi, bomba lako linakusalimu."

"Libusu kwa niaba yangu."

"Litaniunguza midomo, nawe bado unaihitaji."

Siku ya jaribio kompyuta ikasema digrii mia tatu na arobaini. Kipimajoto kikasema mia tatu na sabini. Mtaalamu akamwambia mkuu wao, "Fundi amesoma vibaya." Fundi akasimamishwa kazi. Simu akazima.

Siku tatu mtaalamu hakula akashiba. Zile digrii thelathini zilimwasha kama upupu. Mabomba ya wenzake, fundi yuleyule, yalikubaliana na hesabu. Kwa nini lake tu? Akaenda kwa fundi, akabisha hodi.

"Sijaja kubembeleza," akadanganya. "Punje unazijazaje?"

"Namimina, kisha nagonga bomba kwa nyundo ya mpira zishuke, zibanane, ziingie nyingine. Mara arobaini."

"Na langu?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Mia mbili."

"Mia mbili! Za nini?"

"Lilikuwa lako. Nilitaka lijae vizuri."

Punje nyingi, joto jingi! Palepale mlangoni mtaalamu akafungua kompyuta, akabadilisha namba moja tu, ile ya punje. Kompyuta ikasema mia tatu na sabini na moja. Akacheka mpaka machozi.

"Umeniharibia hesabu kwa mapenzi, wewe!"

"Nawe ukaniharibia jina kwa hesabu."

Kicheko kikakatika. Akampigia mkuu, sauti akaifungulia yote ili fundi asikie. "Fundi alisoma sawasawa. Niliyekosea ni mimi. Naomba umrudishe."

Mkuu akaguna, akakubali.

"Haya, kazini nimerudi," fundi akasema. "Na kwako je?"

Mtaalamu akamnyoosha kola ya shati, polepole.

"Kwangu hakuna ajira, baba. Kwangu unaoa."