Pete Haikuniuliza

— Lete mkono, Njambi.

— Kwanza niambie unaufanyia nini.

Ephantus hakungoja. Pale nje ya kiwanda cha mananasi Thika, wasichana wa zamu wakitazama, alimvisha pete yenye almasi ndogo kama punje ya mtama. Wasichana wakapiga makofi. Njambi akaivua.

— Nani amekuambia nimekubali?

— Ndivyo wastaarabu wanavyofanya! Memsabu wa shamba la kahawa amenionyesha kwenye gazeti. Nimeuza baiskeli yangu, Njambi!

— Haiya! Kwa hivyo wazungu wauze mawe, sisi tuuze baiskeli? Kwetu baba humuuliza binti mbele ya wazee kama anywe uji ulioletwa na wachumba. Akikataa, haunyweki. Hilo jiwe lako limeniuliza nini?

— Na hii Hali ya Hatari? Wazee hawakusanyiki bila kibali cha chifu.

— Omba kibali.

Akamtia pete mkononi, akarudi kazini. Alimpenda Ephantus, yule karani wa Ruiru, tena sana, na alijua huenda ndiyo basi. Hata hivyo hakugeuka nyuma.

Siku ya tatu barua ikafika:

"Njambi, umeniaibisha mbele ya watu. Ukikataa pete umenikataa mimi. Nijibu. Ephantus."

Alijibu huku machozi yakimtoka:

"Ephantus, wewe nakutaka. Pete siitaki. Njoo na wazee, niulizwe. Usipokuja nitalia, lakini nitakula na kazini nitaenda. Njambi."

Miezi miwili kimya. Wenzake wakamcheka waziwazi: mjinga gani huyu anatupa almasi?

Kisha Jumamosi moja, hodi nyumbani kwao Njambi, mtaa wa Makongeni. Ephantus, wazee watatu wenye kibali, na shangazi yake Wamboi na kibuyu cha uji mgongoni. Baba yake Njambi, mzee Githinji, akamiminiwa.

— Njambi, uji huu wa watu wa Ruiru, ninywe?

— Aseme yeye kwanza anachotaka.

Wazee wakaguna. Tangu lini bwana harusi akahojiwa? Mzee Githinji akainua mkono kuwatuliza. Ephantus akasimama.

— Nakutaka wewe, Njambi. Nilijua ukiulizwa unaweza kukataa. Niliogopa. Ndiyo maana nilikimbilia kukuvisha pete.

— Na sasa?

— Bado naogopa. Lakini nimekuja uulizwe.

Njambi akachukua kikombe cha baba yake, akaonja, akamrudishia kwa mikono miwili.

— Kunywa, baba. Nimekubali.