Ndanu na Mtu wa Namwima

Walikutana sokoni Adams Arcade, Nairobi, Jumamosi moja, kila mmoja ameshika kiatu kimoja cha jozi ile ile ya mtumba, viatu vya kupandia milima.

"Dada, hicho ni changu," kijana alisema akicheka.

"Changu pia. Ama utapanda mlima na mguu mmoja?"

"Kupanda ndiyo kazi yangu. Napeleka watu kwetu, Mlima Elgon. Naitwa Nashon."

Ndanu, karani wa ofisi moja katikati ya jiji, alikuwa amevaa sketi ya bluu na kusuka nywele juzi tu. Akamwachia viatu, na nambari ya simu pia. Kwa miezi minane Nashon alimsimulia kijiji chao cha Namwima: pango ambamo mababu walijificha na ng'ombe wao wakati wa vita, vitunguu vinavyoanikwa barazani, wageni wa Nairobi wanaopanda wakihema.

"Nitakupeleka, mpenzi," alisema kila mara. Hakumpeleka.

Alhamisi moja Ndanu akasoma kwenye kundi la mtandaoni la wapanda milima: *Hongera Nashon! Mwezi ujao unarudi nyumbani kabisa.*

Alimpigia papo hapo.

"Unahama?"

"Ndanu, wazee wamenipa nyumba ya wageni niisimamie. Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Watu mia mbili wanajua, mimi sijui! Nenda. Nenda na usirudi."

Jumamosi Nashon alipanda na wageni kumi na wawili. Jioni redio ikatangaza mvua kubwa Elgon: mto umefurika, kundi moja la wapandaji halijulikani lilipo. Chumbani kwake mtaani Kabiria, Ndanu alipiga simu mara thelathini. Hapatikani. Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Alichosikia ni sauti yake mwenyewe ikisema *usirudi*.

Akiwa njiani kutoka kanisani, nambari ngeni ikaita.

"Ndanu? Ni mimi. Simu ilichukuliwa na mto. Tulilala pangoni, wote wazima."

Ndanu aliketi pale pale kando ya barabara, na gauni lake jeupe.

"Nashon, umenitesa."

"Najua. Niliogopa kukuuliza. Una kazi, una maisha huko. Nilijua utakataa."

"Ukakataa kwa niaba yangu kabla sijaulizwa?"

Nyuma ya Nashon maji yalisikika yakivuma.

"Basi nauliza sasa. Nikuoe, tuishi huku?"

"Wewe nakukubali," Ndanu alisema, akifuta machozi. "Huko sijawahi kufika. Ijumaa nakuja, nipaone."

"Na usipopapenda?"

Ndanu alisimama, akakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Tutalia pamoja. Kisha tutaona."