Sekunde Saba, Hatua Moja Nyuma

Kiti cha Rosette kilisogea chenyewe Jumatatu saa nne asubuhi, jua likiwaka, na Vainqueur akasingizia sakafu. Kilitulia kidogo, kikageuka mpaka kikalipa ziwa mgongo, kikarudi nyuma hatua moja. Sakafu, jamani, haijui kugeuza kiti. Lakini huyu ndiye kijana aliyeutangazia mji mzima wa Baraka kwamba shule aliiacha kwa sababu walimu walikuwa wanamchelewesha, na mtu wa hivyo haogopi kiti.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la kuchaji simu, karibu na maji. Humo walikuwa wanatengeneza mchezo wa simu: ufukwe wa Baraka, mitumbwi, kuku, bamama wanaouza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Vainqueur alichora, Rosette aliandika vitendo. Na alijua kuviandika, msichana yule. Subiri, geuka, sogea, rudia: aliandika mara moja tu, kisha akakivisha chochote, mtumbwi ukayumba, kuku akadonoa, kama kitenge kimoja wanachoazimana wanawake wa nyumba nzima na kila mmoja kikamkaa.

Jumamosi mchezo ungeonyeshwa kwenye salle, ukumbi wa parokia, na mwanzoni lingeandikwa jina la mtengenezaji. Wote waliopita dukani walimtaja Rosette. Vainqueur alicheka nao, rohoni akichemka kama maji ya bugali.

Kwa hiyo Jumapili, siku moja kabla ya kiti kusogea, Rosette akiwa kanisani, alikaa kwenye mashini ya Rosette, kompyuta ndogo ya kubebeka. Ndani ya mchezo kulikuwa na msichana aliyefanana na Rosette, amesimama mchangani. Akamwandikia kitendo: subiri sekunde saba, lipe ziwa mgongo, rudi nyuma hatua moja, rudia bila mwisho. Jumamosi watu wangemwona anazama kinyumenyume, wacheke mpaka walie.

Ikabaki nafasi moja tupu: kitendo kinamvaa nani? Rosette angeandika jina kamili. Vainqueur, mvivu wa kuandika, alijisemea, "Si iko pale?" akaandika vile anavyosema: iko. Mashini ikakubali.

Sasa, kwetu neno hilo halichagui mtu wala kitu. Mutoto iko, kiti iko, maji iko. Na kile kitu cha ziwani ambacho bamama wakifua hawakitaji kwa jina, wakikisikia wanakusanya nguo na kuambiana neno moja tu: iko.

"Unaangalia nini kiti yangu?" Rosette aliuliza akiingia Jumatatu ile.

"Naangalia namna inakuchoka."

"We ndiye unachoka, toka unaniona nafanya kazi muzuri. Halafu hapa kunanuka nini? Ni kama matope ya—"

Akanyamaza. Macho yake yakabaki wazi. Vainqueur alihesabu bila kutaka, moja, mbili, mpaka saba, na Rosette akageuka, akarudi nyuma hatua moja, akamalizia: "—ya chini ya maji."

"Umefanya nini sasa hivi?" Vainqueur aliuliza.

"Mi? Hakuna."

Rosette akaganda tena.

Vainqueur aliruka kwenye mashini akafuta kile kitendo, mstari baada ya mstari, lakini nyuma yake kiti kiliendelea kukwaruza sakafu, na kikombe kikageuka mezani, na miguu ya Rosette ikavuka kizingiti kisigino kwanza, ikaingia mchangani, saba, hatua, saba, hatua, uso wake ukimtazama yeye tu, ukitabasamu tabasamu alilolichora yeye mwenyewe, na kila alipomshika mkono na kumvuta aliusikia upande wa pili mkono mwingine, baridi, ukivuta bila haraka.

Mama Pulchérie, anayeombea wagonjwa, alikuwa anaanika ndagala pale ufukweni. Vainqueur alimkimbilia akikumbatia mashini.

"Mama, saidia. Iko anaenda na Rosette."

Mwanamke yule aliacha ndagala zikaanguka. "Iko nani? Ulimwita?"

"Niliandika tu."

"Ulimupa nguo, mwanangu, na hukusema ni ya nani. Sasa ameichukua." Alisema chini kabisa, kana kwamba maji yanasikiliza. "Kufuta haisaidii. Andika upya, uweke jina. Jina ya ule mwenye hii kitu ilitoka ndani ya roho yake."

"Niandike jina ya kuku?"

"Ni kuku alikuwa na wivu?"

Maji yalimfikia Rosette kifuani. Vainqueur alipiga magoti mchangani, akaandika upya ule ubaya wote, na kwenye nafasi tupu akaweka herufi tisa za jina lake mwenyewe. Rosette akapiga kelele, akatoka majini analia, hajui kilichomfikisha kule.

Jumamosi salle ilijaa. Vainqueur alisimama nyuma kabisa, mgongo kwenye ukuta wa upande wa ziwa, kama alivyofanya wiki nzima, maana ukuta tu ndio uliomzuia kurudi nyuma. Rosette akashika mikro, kile kipaza sauti.

"Vainqueur, kuja huku mbele. Niliandika majina mbili. Yako iko hapa, ya kwanza."

Watu wakageuka, wakapiga makofi. Ndilo jambo alilolitaka tangu aanze kuchemka. Akapiga hatua moja mbele, akahisi harufu ya matope, akasimama akihesabu.

Saba.

Mgongo wake ukagusa ukuta tena. Safari hii ukuta ulikuwa umelowa, na ulilegea kidogo, kama maji yanayompisha mtu.

"Acha bya kujifanya," Rosette alisema akicheka. "Kuja, basi. Tunakungoja."