Kibonde cha Kinoo

Kinoo kilifika kikiwa kimelowa. Siku kumi na saba njiani, kimeviringishwa magazeti, boksi kavu kabisa na magazeti makavu, lakini jiwe lenyewe lilitoka likidondosha maji ya baridi, kama limeokotwa mtoni asubuhi ile ile. Kinyozi alilifuta kwa taulo la kazini, akalinusa, akasema, "Haya, karibu." Mtu mwenye akili zake angelirudisha posta palepale, lakini huyu alikuwa amelisubiri mno, na chai ilikuwa inapoa.

Kilikuwa kinoo chake cha kumi na nne. Wateja wa wembe wa kukunja alibakiwa nao sita, wazee watupu, na wawili kati yao hata ndevu zenyewe za kutafuta. Vinoo kumi na nne vya nini, jamani? Ndivyo alivyouliza mshonaji wa duka la jirani, mwanamke asiyemwogopa mtu.

"Unanoa nyembe au unajenga ukuta?"

Kinyozi alicheka, akaendelea kukifuta kinoo. Tangu mkewe afariki mwaka jana, duka likikosa wateja mchana alifungua simu na kuingia kwenye minada ya mtandaoni, ile ya vinoo vya zamani vya mawe ya asili. Mule alikuwa na wenzake. Kulikuwa na aliyejiita Makali, kulikuwa na Babu Tope, watu asiowajua sura, wakipandishiana dau juu ya mawe ya vinyozi waliokwisha kufa. Ukishinda, wanakuandikia hongera. Kuna siku hiyo hongera ndiyo ilikuwa neno pekee jema aliloambiwa tangu asubuhi. Mimi simcheki. Kuchemsha maji ya kikombe kimoja kila siku si kazi ndogo.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba chake, na kitanda, na godoro la sponji la miaka ishirini na sita. Upande wa ukutani lilikuwa na kibonde cha mkewe: hapa bega, hapa nyonga, panaonekana kabisa. Hapo halali mtu. Kila asubuhi alitandika shuka juu yake polepole, asikivuruge. Binti yake alipotaka kumletea godoro jipya, walinuniana wiki mbili.

"Baba, hiyo ni sponji tu."

"Basi niachie sponji yangu."

Sasa, kinoo hiki. Tangazo lake liliandikwa hivi: *Jiwe la asili, la kinyozi mmoja tu, maisha yake yote. Lina kibonde katikati. Tafadhali sana, lisisawazishwe.* Wanunuzi walivunjika mbavu. "Muuzaji huyu hajui vinoo," aliandika Makali, na hakukosea. Jiwe lenye kibonde huharibu wembe. Kinoo cha wembe lazima kiwe bapa. Kwa hiyo kinyozi alifanya lile ambalo mnoaji yeyote angelifanya. Alibandika msasa juu ya kipande cha kioo, akaumwagia maji, akalisugua jiwe. Likatoka tope jeusi, zito, lenye harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Akasugua mpaka kibonde kikaisha. Tope lote akalimwaga kwenye sinki, akanawa mikono.

Mchana ule alijilaza kidogo baada ya kula. Katikati ya usingizi akasikia nyuma yake, *shii... shii...*, wembe ukipita juu ya jiwe. Akadhani anaota kazi. Kesho yake akasikia tena, na harufu ya kisima ikawa imeingia chumbani. Alifungua dirisha, akamwaga dawa sakafuni, akapiga deki mara mbili. Harufu haikujali.

Jumapili duka lilifungwa. Jua lilikuwa kali dirishani, naye alikuwa amelala ubavu akiupa ukuta mgongo, kama kawaida yake, aliposikia sponji ikilia taratibu nyuma yake, kama inavyolia mtu anapopanda kitandani kwa adabu asimwamshe mwenzake, na shuka ikavutika kidogo kutoka begani kwake, na ubaridi ukamgusa kisogo, ukafuatwa na pumzi, pumzi ndefu ya kiumbe aliyechoka, naye akataka kugeuka akakuta shingo haimtii, akabaki anavikodolea macho viatu vyake sakafuni na kuhesabu matundu ya kamba, akimaliza anaanza upya, mpaka pumzi ile ikatulia, ikawa ya usingizi.

Alipoweza kugeuka hapakuwa na mtu. Kibonde cha mkewe kilikuwa kimelowa.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa mshonaji, akafunga mlango.

"Jirani," alinong'ona, "kuna mtu kitandani kwangu."

"Hongera!"

"Si hivyo."

Mshonaji akamtazama usoni, mkasi ukaacha kukata. "Mungu wangu. Hebu kaa."

Mshonaji alikuwa na wifi yake anayejua mambo ya majini na mapepo, mama mnene wa miwani, na kikohozi kisichokwisha. Alikuja siku ile ile. Hakufukiza kitu, hakuimba. Alipiga magoti kwa shida, akalaza sikio juu ya godoro, akasikiliza kitambo kirefu.

"Si mkorofi huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na kitanda chake kwenye jiwe. Wewe umekikwangua."

"Nilikuwa nasawazisha kinoo tu, mama."

"Ndiyo hivyo. Ungekwanguliwa wewe, ungekwenda wapi? Ametafuta kibonde kingine."

"Siwezi kumchimbia tena jiwe lile?"

"Kile kilichimbwa na mkono wa mtu maisha yake yote. Una maisha mengine, wewe?" Akaonyesha kwa kidole. "Tazama. Akilala, hukipanua kibonde. Jiwe lilimkatalia kwa ugumu wake, sponji haikatai. Vimebaki vidole vinne kufika ubavuni kwako. Kikifika, na wewe utateremka humo, na binti yako atapiga simu iite tu. Lichome godoro lote, leo, mchana huu kweupe. Atakwenda zake."

"Na mke wangu?"

"Mkeo hayumo humu, kaka yangu."

Kinyozi alilia mbele ya wanawake wawili, hakujificha.

Walipoondoka alilikokota godoro hadi uani, akatafuta mafuta ya taa na kiberiti. Alitaka kumuaga mkewe kwanza. Akafunua shuka, akainama, na hapo ndipo alipoona. Bega halikuwepo. Nyonga haikuwepo. Kibonde kilikuwa kirefu, chembamba, cha kitu kisicho na mabega, na cha mkewe kilikuwa kimefutika chote, kama kile cha jiwe. Alikuwa amechelewa. Hapakuwa na la kuaga, wala la kulinda.

Njiti ya kiberiti ikamwishia vidoleni. Hakuwasha ya pili.

Simu ililia saa tisa. Mshonaji alikwisha kumweleza binti yote.

"Umelichoma, baba?"

"Limekwisha, mwanangu."

Binti akaanza kulia kwa faraja. "Jumamosi nakuletea jipya. Na safari hii nakaa wiki nzima, utake usitake."

"Njoo, mama. Njoo."

Zilibaki siku tano kufika Jumamosi. Alifunga duka mapema, akalirudisha godoro kitandani, akatandika shuka. Akalala, safari hii akiuelekea ukuta. Alijua si mkewe, hilo alilijua vizuri kabisa. Sponji ikalia taratibu. Harufu ya kisima ikaja, na pumzi, na kinyozi akaanza kuihadithia: kwamba Makali amemshinda dau kwa sekunde mbili, kwamba mzee mmoja wa wembe amelazwa, sasa wamebaki watano, kwamba goti la kushoto linamsumbua. Pumzi ilitulia kama ya mtu anayesikiliza. Mwaka mzima hakuna aliyemsikiliza mpaka mwisho.

"Sogea kidogo," alinong'ona, "tuenee."

Yule kiumbe akasogea. Akasogea upande huu, wa kinyozi.

Kinyozi alivuta shuka, akawafunika wote wawili.