Baraza la Wapangaji

Jumamosi moja ya Machi, mwaka wa 1999, barabara ya Kawangware 46 ilikuwa imejaa watu hadi kupishana ikawa kazi. Wanzala, fundi wa redio kutoka Makina kule Kibera, alikuwa ametoka kumrudishia mteja redio yake. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka, na raba nyeupe alizozilinda na matope kwa kuruka ruka. Mbele ya ofisi moja ya kupiga chapa aliona watu wamezingira mlango. Akadhani ni tangazo la kazi, akajipenyeza.

Kazi haikuwepo. Kulikuwa na karatasi sita zilizobandikwa mlangoni, zote zimejaa maneno ya watu tofauti wakijibizana.

"'Nyumba za nyuma ya soko maji hutoka Jumanne pekee, lakini mwenye nyumba ni mtu mzuri sana,'" alisoma kwa sauti. "Wee! Huyu aliyeandika ndiye mwenye nyumba mwenyewe!"

Watu wakacheka.

"Aliyeandika ni mpangaji," sauti ya kike ikasema nyuma yake. "Na hiyo karatasi umeegemea, gundi haijakauka."

Aligeuka. Msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, alikuwa amesimama na chupa ya gundi mkononi. Alivaa sketi ya marinda ya rangi ya machungwa na blauzi nyeupe. Kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake zilizosukwa mistari.

"Sasa, madam. Kumbe wewe ndiye unabandika?"

"Mimi ndiye natengeneza, napanga, nabandika. Na nafukuza wale wanaharibu."

"Niaje basi kabla hujanifukuza. Naitwa Wanzala."

"Poa. Nereah." Alimkagua shati, akaona alama ya gundi begani, akajizuia kucheka. "Haya maneno yako kwa intaneti. Hapa mlangoni ni kwa wale hawana kompyuta. Sasa hivi kuna mtu Toronto anayasoma."

"Mtu wa Toronto anataka maji ya Kawangware ya nini?"

"Dada yake anahama. Anamtafutia keja."

Wanzala alizitazama tena zile karatasi sita. Maisha yake yote alikuwa amefungua vyombo vya watu kutafuta sauti ilipopotelea. Hapa alikutana na mtu aliyetengeneza mahali pa sauti kutoka Toronto na 46 kukutana. Aliondoka na karatasi tupu aliyopewa kuandika swali lake, na hakuwa na swali lolote isipokuwa kama Nereah angekuwepo Jumamosi ijayo.

Alikuwepo. Na iliyofuata pia. Kufikia Mei, Wanzala alijua habari yote.

Nereah alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya Bi Ndunge. Ofisi ilipoingizwa intaneti ili kutuma barua za wateja, aliomba aitumie saa yake ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua kuna mahali mtandaoni panapotoa kurasa za bure, akaanza kujaribu. Mara ya kwanza ukurasa ulitokea na maandishi meusi juu ya rangi nyeusi. Mara ya pili majibu yote yalijipanga kichwa chini miguu juu, la mwisho likiwa la kwanza. Wiki tatu alirekebisha, huku modemu ikilia na Bi Ndunge akiuliza kama hiyo mashine inaumwa. Hatimaye likasimama: Baraza la Wapangaji.

"Halafu?" Wanzala aliuliza. Walikuwa kibandani wakila chapati na maharagwe.

"Halafu hakuna mtu alikuja. Miezi miwili, Fundi! Nikajipatia majina matano, nikawa nauliza na kujijibu. Siku moja nikabishana na mimi mwenyewe mpaka nikakasirika."

Wanzala alicheka hadi machozi yakamtoka. "Nani alishinda?"

"Usinicheke. Niliona aibu, nikafuta yote. Nikaacha swali moja tu la kweli: nani anajua nyumba isiyovuja? Siku tisa baadaye mtu akajibu. Nililia hapo kwa ofisi."

Hapo Wanzala hakucheka tena. Alimwangalia msichana huyu aliyeweza kuacha mlango wazi miezi miwili bila mgeni na asiufunge, akajua amekwisha, amempenda.

Katikati ya wiki alimpigia kutoka kibanda cha simu cha Makina.

"Halo, ofisi ya Bi Ndunge."

"Naomba kuongea na mrembo wa Baraza."

"Wako wengi. Unataka yupi?"

"Yule wa sketi ya machungwa. Mwambie kuna Mluhya amepotea njia ya kwenda kwa moyo wake."

"Omera, bwana wee, simu ni ya ofisi!" Lakini sauti yake ilikuwa inatabasamu. "Umekula, mpenzi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wanzala alitoka kibandani akasalimia watu asiowajua.

Mwezi wa Juni Baraza lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na ndipo balaa likaja. Mtu aliyejiita Mzee wa Mabati, wakala wa nyumba kwa jinsi alivyoandika, alikasirika kwamba wapangaji wanaambiana nyumba zipi zinavuja. Akamwandikia Nereah hapo hapo Barazani kwamba ni malaya anayekalia kompyuta ya wenyewe.

Bi Ndunge alimwita Nereah. "Mimi nakupenda, mwanangu. Lakini watu wakianza kutukanana makabila kwa laini yangu, naikata. Sitaki mambo ya polisi."

Nereah hakumwambia mtu. Siku hiyo hiyo Wanzala, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akijifunza kuchapa kwa vidole viwili katika saiba ya mjini, duka la kukodisha kompyuta, aliandika ujumbe wake wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Ulichukua saa nzima. Alimtukana Mzee wa Mabati, akamtukana mama yake, akamalizia na kabila alilodhani ni lake.

Kesho yake Nereah aliingia, akausoma mara mbili, moyo ukimdunda. Sheria alikuwa ameziandika yeye: atakayetukana anafutwa, na anafungiwa mwezi mmoja asiandike. Akafuta maneno ya Mzee wa Mabati, akamfungia. Akafuta ya Wanzala pia. Akamfungia.

Simu ililia saa kumi.

"Umenifuta, Nereah?"

"Nimefuta maneno. Sijakufuta wewe."

"Nilikuwa nakutetea! Mtu anakuita malaya, halafu mimi na yeye tunawekwa boksi moja?"

"Kabila ya mtu ilikukosea nini, Wanzala?"

"Kwa hivyo watu wa kompyuta ndio wa maana. Mimi ni wa kufungiwa tu."

Nereah angeweza kumwambia kuhusu Bi Ndunge. Kiburi kilimziba mdomo. Alitaka aelewe bila kubembelezwa. "Sheria ni ya wote," alisema.

Simu ikakatwa.

Wiki tatu Wanzala hakukanyaga Kawangware. Alifungua redio akasahau kuzifunga. Kila Jumamosi alienda saiba akasoma Baraza, maana kusoma hakukuwa kumezuiwa, kisha akarudi Makina amenuna. Nereah naye alibandika karatasi zake bila kuangalia ni nani amesimama nyuma.

Jumatano moja Jentrix, dada yake Wanzala anayefanya kazi ya nyumba mtaa wa Ayany, alimjia kwa kibanda chake cha kazi amefurahi.

"Nimepata nyumba! Kawangware, kwa ile Baraza ya mlangoni. Haivuji! Dada wa pale amenisaidia vizuri. Aliponiuliza jina nikasema ni mimi Jentrix, dadake Wanzala wa Makina, akaacha kuchapa. Akaanza upya mara tatu. Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Yeye ndiye alinifungia."

"Bosi wake alikuwa akate laini kwa sababu ya matusi yako, wewe! Bi Ndunge mwenyewe ameniambia. Huyo msichana angepoteza kazi yake yote. Na hakukulaumu hata neno."

Wanzala aliweka bisibisi chini. Alivaa shati safi, akatembea Ngong Road hadi Dagoretti Corner, akashuka Naivasha Road, bila kusimama. Mlangoni kulikuwa na karatasi mpya, iliyobandikwa asubuhi hiyo:

"Wasomaji wananiuliza kwa nini Fundi wa Makina amefungiwa, na alikuwa ananitetea. Ni kweli. Hakuna mtu amewahi kunitetea namna hiyo. Lakini nikiacha tusi la mtu ninayempenda, kesho nitamfukuza mgeni nikiwa na uso gani? Nereah."

Aliingia. Nereah alikuwa peke yake mbele ya mashine, amevaa gauni la kijani, macho mekundu.

"Nilikosea," Wanzala alisema. "Si kwa sababu ya laini. Hata kama laini isingekatwa, nilikosea. Yule mtu alitukana wewe, mimi nikatukana watu elfu ambao hawajui hata jina lako."

"Mimi pia nilikosea. Ningekueleza." Alifuta macho kwa kiganja. "Nimekumiss, Fundi. Nilikuwa nabandika karatasi nikisikiliza kama kuna mtu anacheka."

"Nereah, Agosti naenda Busia kwa mama. Nataka twende pamoja."

"Kama nani?"

"Kama mke wangu, ukikubali. Halafu twende kwenu Siaya niseme hivyo hivyo mbele ya wazee wako. Na hii Baraza usiiache. Nikiwa na mke anayeweza kujenga kitu kama hiki akiwa peke yake, mimi nitapika."

"Unajua kupika?"

"Ugali inasimama. Mengine nitajifunza."

Nereah aliangua kicheko, kisha akalia, kisha akamshika mkono. "Nakubali. Ndiyo, mpenzi wangu, nakubali."

Bi Ndunge, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia muda wote, alipiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakachungulia.

"Sasa nifungulie," Wanzala alisema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Niwaambie watu wa Toronto."

Nereah aliangalia kalenda ukutani. "Zimebaki siku tano."

"Nereah! Mimi ni bwana yako mtarajiwa!"

"Siku tano, switi."

Wanzala alimwangalia, akaona hatanii hata kidogo, na akampenda zaidi kuliko alivyompenda alipoingia. Alitoka akarudi Makina kwa miguu, na kila aliyekutana naye njiani, anayemjua na asiyemjua, alimwambia kwa mdomo kwamba anaoa.