Siku Simu Ilipomsingizia Hashi

Kila jioni Weris wa Tarbaj huhesabu ngamia wake kwa macho na kwa kengele za mti. Mwaka huu aliongeza na simu. Adey, jike mweupe anayetangulia kundi, alifungwa shingoni kifaa cha setilaiti. Nukta nyekundu kwenye simu huonyesha alipo.

Jumanne moja, magharibi, Adey hakurudi. Na mimba yake ilikuwa pevu! Fisi je? Weris alifungua simu. Nukta ilikuwa ndani ya boma la jirani yake, Hashi.

"Mwizi!" alipiga kelele hadi msikitini wakasikia. "Mtoe ngamia wangu!"

Hashi alitoka ndevu zikimtetemeka. "Mimi? Miaka ishirini tunachota kisima kimoja! Ingia utafute."

Weris aliingia. Hakumwona Adey. "Basi umemchinja!"

Lo! Neno hilo mbele ya watu! "Hata nyayo hukutazama," Hashi akafoka. "Wallahi, kuanzia leo tusisalimiane!"

Kowsar, binti wa kaka yake Weris, ni mwalimu wa sayansi. Alikuja mbio, akaishika simu.

"Eddo, shangazi yangu, tazama nukta inavyoruka! Mara bomani, mara barabarani. Ngamia anaruka?"

"Simu haina ugomvi na Hashi!" Weris akamkatiza.

"Haina, lakini leo inakosea. Kuna dhoruba ya sumaku, imetangazwa redioni."

"Dhoruba gani? Hata vumbi sioni!"

"Iko juu sana. Dunia ni sumaku kubwa, na nguvu ya sumaku hiyo inatuzunguka na kutukinga. Jua hutupa upepo wenye sumaku yake. Upepo huo ukiigonga kinga yetu kwa nguvu, ndani ya kinga huzuka nguvu ya umeme. Umeme huo husukuma chembe ndogo, nazo zikaizunguka dunia na kuidhoofisha sumaku yake. Hiyo ndiyo dhoruba. Umeme ukiwa mkali na ukadumu saa nyingi, dhoruba huwa kubwa."

"Hashi anahusikaje?"

"Sehemu ya umeme huo hufika upesi juu ya ikweta, yaani juu yetu. Hewa ya huko juu huvurugika, na mawimbi ya setilaiti hupita humo humo. Simu hukosea hatua kadhaa. Eddo, kutoka boma la Hashi hadi laga, ule mto mkavu, ni hatua ngapi?"

Hasira yote ya Weris ilimgeukia mwenyewe. Alichukua tochi, akainama chini. Nyayo zilipita kando ya ua wa miiba wa Hashi, zikashuka kwenye laga, kwenye mchanga mkavu. Fisi alilia ng'ambo. Kisha kengele ikasikika. Adey alikuwa amesimama juu ya ndama aliyezaliwa punde, akimlamba.

Asubuhi Weris alibeba kibuyu cha maziwa hadi kisimani. Alikuwa amemtukana Hashi mbele ya watu, basi akaomba radhi mbele yao hao hao.

"Nilimwita Hashi mwizi. Nilikosea vibaya. Nisameheni."

Hashi alikunywa, akafuta ndevu. "Maziwa nimeyapokea. Uchungu bado upo."

Siku hizi Kowsar akitangaza dhoruba, Weris huiweka simu mfukoni. Huanza na nyayo, kisha kengele. Na akikwama, humwita Hashi amsaidie.

Hashi huja, uso umekunjamana. "Haya," husema, "iulize kwanza simu kama kweli nimefika."