Posa Matangani

"Dorca! Wechuli amekuja!"

"Wechuli gani?"

"Kwani una Wechuli wangapi? Yuko getini na watu wake. Wana mbuzi, na kuna mama anapiga vigelegele!"

Vigelegele? Siku ya kumzika Dani? Niliacha sufuria ya chai jikoni nikamfuata dada yangu Milka mbio, leso ikinifunguka kiunoni.

Wacha nieleze haraka. Wechuli ni mchumba wangu, fundi wa sofa kule Nyalenda. Jumamosi hii ndiyo alipaswa kuleta posa kwetu Kombewa. Halafu Dani, nyanya yangu aliyenilea, akafariki. Kwetu posa haiingii boma lenye maiti, kwa hivyo Baba akaniambia, "Waambie watu wako wasije." Nikamwandikia Wechuli WhatsApp. Tiki moja. Nikaandika tena, nikamtumia hata sauti yangu nikilia. Tiki moja tu! Nikajua huyu amenibloku, amepata mwingine. Nikanyamaza. Mimi si mtu wa kubembeleza mwanaume.

Sasa huyu hapa getini, suti ya kijivu, jasho tele. Shangazi yake Nasipwondi alikuwa akicheza huku akionyesha tenti.

"Oneni vile wametupokea! Mpaka viti vya kukodi! Aririririri!"

"Mama, nyamaza tafadhali!" nikasema. "Hiyo tenti ni ya mazishi!"

Vigelegele vikakatika. Mjomba wake Walubengo akamkazia mbuzi macho kana kwamba ndiye aliyewaongoza vibaya.

"Mazishi ya nani?" Wechuli akauliza.

"Ya Dani! Na bado unauliza? Amelala mochari wiki nzima, umeninyamazia, leo unaniletea vigelegele?"

"Dani amekufa? Dorca, nani aliniambia?"

"Mimi! Nimekuandikia mpaka vidole vikaniuma! Si ulinibloku?"

"Nikubloku na nini? WhatsApp imekufa kwa simu yangu. Iliniambia simu ni ya zamani, haiwezi tena. Nikakutumia SMS siku hiyo hiyo."

"SMS? Nani anasoma SMS, Wechuli? Huko ni watu wa kamari na mikopo tu!"

"Nikakupigia, ukakata."

"Nilikata kwa hasira!"

"Hasira ya nini?"

"Ya kunibloku!"

"Lakini sikukubloku!"

Yawa, kichwa kilinizunguka. Sikujua nimpige kofi au nimkumbatie.

"Si ungenunua simu nyingine?"

"Hii ulininunulia wewe. Niliogopa nikiibadilisha utasema nami nimebadilika."

Nikatoa simu yangu, nikafungua SMS. Kumbe zilikuwa pale pale, katikati ya matangazo ya kamari.

"Dorca, WhatsApp imekataa. Niandikie huku."

"Dorca mbona kimya?"

Ya mwisho ilikuwa ya jana:

"Kama umenichoka, sawa. Lakini kesho nakuja na wazee. Unikatae mbele ya baba yako nisikie mwenyewe."

Machozi yakanitoka. Mtu alijua anakuja kukataliwa, na bado akaipiga suti pasi.

"Mjomba anajua ulikuja kukataliwa?" nikamnong'oneza.

"Hajui kitu. Ningemwambia, asingetoka nyumbani."

"Baba anakuja!" Milka akasema.

Baba yangu, Mzee Ogola, akisikia posa imeletwa mbele ya maiti ya mama yake, hiyo ndoa imekwisha. Nikamvuta Wechuli mkono.

"Sema mbuzi ni wa matanga. Mmekuja kulia na sisi. Sawa?"

Baba akafika, macho mekundu.

"Nani amepiga vigelegele kwa mazishi ya mama yangu?"

Nasipwondi akajificha nyuma ya mjomba.

"Na huyu mbuzi ni wa nini?"

Nikamfinya Wechuli. Akasogea mbele.

"Ni wa posa, Mzee. Simu yangu ilikataa WhatsApp, sikupata habari. Shangazi alidhani tenti ni yetu. Tusamehe, Mzee. Pole sana kwa msiba."

Nikafumba macho. Haya basi, kwisha mimi.

"Na binti yangu alikuwa anakunong'oneza nini?"

"Niseme mbuzi ni wa matanga."

Wechuli! Huyu mtu hana breki!

Baba akashusha pumzi.

"Tangu asubuhi nasikiliza uongo kwa maikrofoni. Watu waliomkimbia mama akiwa mgonjwa ndio wanasema walimpenda zaidi. Wewe ni wa kwanza leo kunijibu ukweli." Akamgeukia mjomba. "Bwana, mbuzi mfunge huko nje. Posa haivuki hili geti leo. Siku yake nitawaambia kwa mdomo wangu, si kwa simu."

"Sawa kabisa, Mzee," mjomba akajibu, kofia mkononi.

Wechuli akabaki amesimama, hajui aende wapi. Aliniangalia mimi, akaangalia barabara.

"Na wewe kijana," Baba akasema, akimfungulia geti, "unangoja nini? Ingia umlilie nyanyako."